Tauni Ituri: panya wakianza kufa ndani ya nyumba

Katika milima ya Djugu, Mahagi na Aru, tauni si hadithi ya vitabu. Ni ugonjwa ambao nyanya waliujua wakiwa watoto, na ambao hata leo unaweza kuingia nyumba moja siku ya Jumatatu na kuiacha na kilio mbele ya Jumapili. Wengi wanauita peste, sawa vile wanganga wanavyouandika kwenye karatasi ya mgonjwa. Dawa yake inajulikana tangu zaidi ya miaka 70. Hata hivyo watu wanaendelea kufa, na mara nyingi sababu ni moja: wanafika kwenye kituo cha afya wamechelewa. Lakini mara nyingi onyo lilikuwa limekwisha kutolewa ndani ya nyumba yao, siku kadhaa mbele ya homa. Panya walikuwa wanakufa chini ya kitanda na pembeni ya gunia la mahindi, na hakuna aliyeshituka. Wengine hata walifurahi.

Peste ya watu na peste ya nguruwe

Kwanza jina lenyewe linaleta mkanganyiko. Kwetu watu wanasema peste ya nguruwe, peste ya kuku, peste ya mbuzi. Mfugaji aliyepoteza nguruwe wote katika juma moja anasema peste imepita, na yuko sawa, kwa sababu ndilo jina walilolizoea. Lakini magonjwa hayo yanaletwa na virusi, kila moja na kirusi chake, na hayana uhusiano wowote na tauni ya watu. Mtu hapati tauni kwa sababu nguruwe wa jirani wamekufa.

Tauni ya watu inaletwa na bakteria ambayo wataalamu wanaiita Yersinia pestis. Jina hilo linatokana na Alexandre Yersin, mtafiti mzaliwa wa Uswisi, aliyeigundua mwaka 1894 huko Hong Kong wakati ugonjwa huo ulikuwa unaua watu wengi kule. Miaka minne baadaye, mwaka 1898, munganga Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayeitoa kwa panya na kuileta kwa mtu. Mbele ya hapo, kwa karne nyingi, watu walisema ni hewa mbaya, ni sumu, ni adhabu. Katika karne ya 14 tauni iliua watu wanaokadiriwa kuwa milioni 50 katika Ulaya, na hakuna aliyefikiria kumwangalia panya.

Kwa nini Ituri

Wanganga wa wakati wa Wabelgiji waliitambua tauni katika eneo la Ziwa Albert katika miaka ya 1920. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wakaikuta pia karibu na Ziwa Edward, upande wa Lubero, katika Kivu ya Kaskazini ya leo. Kule Lubero ugonjwa ulinyamaza tangu miaka mingi. Kule Ituri haukunyamaza.

Hesabu zinaonyesha uzito wa jambo hili. Kati ya mwaka 2000 na 2009, dunia nzima ilitangaza wagonjwa wa tauni zaidi ya 21,000. Karibu nusu yao, zaidi ya 10,000, walikuwa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengi wao walitoka milima ya Ituri. Hadi leo Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linataja nchi tatu ambamo tauni imejikita zaidi: Kongo, Madagaska na Peru. Yaani mtu akiuliza tauni inakaa wapi duniani, jibu moja wapo ni maeneo ya afya kama Rethy.

Sababu ya kwanza ni milima. Rethy iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na usiku kuna baridi. Viroboto wanaobeba bakteria hii wanaipenda hali ya ubaridi na unyevu kuliko jua kali la pwani ya ziwa. Ndiyo maana mtu anaweza kushuka kutoka milimani hadi kandokando ya Ziwa Albert, safari ya saa chache tu, na kukuta watu ambao tauni hawaiogopi sana.

Sababu ya pili ni panya wenyewe. Wako wa shamba na wako wa nyumba. Bakteria inaishi kwa wale wa shamba na vichakani mwaka mzima, bila kelele, wengine wanaibeba pasipo kufa. Wakati fulani inafika kwa panya wa nyumbani, yule mweusi anayekimbia darini. Huyo hana nguvu ya kuivumilia. Anakufa, na viroboto wake wanatafuta pa kwenda.

Sababu ya tatu ni namna watu wanavyoishi. Hii inahitaji kusemwa kwa heshima, kwa sababu si uchafu, ni umaskini na vita. Mahindi na maharagi vinalala ndani ya nyumba kwa sababu ghala ya nje inaibiwa. Watoto wanalala chini, kwenye mkeka, kwa sababu kitanda ni kimoja. Ukuta ni wa udongo, na panya anautoboa kwa usiku mmoja. Panya anafuata chakula, kiroboto anafuata panya, na mtoto amelala kati ya wote wawili.

Kiroboto mwenye njaa

Kinachotokea ndani ya kiroboto kinastahili kuelezwa, kwa sababu ndicho kinafanya ugonjwa huu uwe mbaya hivi. Kiroboto akinyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria zinaingia ndani yake na kuanza kuzaana. Kwa viroboto wengi zinajikusanya karibu na mlango wa tumbo na kuuziba, sawa na kizibo kwenye chupa. Kiroboto anauma lakini damu haishuki. Anabaki na njaa. Anauma tena, na tena, kila mahali, na kila akijaribu kunyonya, damu inarudi nyuma ikiwa imebeba bakteria, inaingia kwa yule anayeumwa. Kiroboto huyo mwishowe atakufa kwa njaa, lakini mbele ya hapo atakuwa ameuma panya wengi, ao watu.

Panya akiwa hai na joto, viroboto wanabaki kwenye manyoya yake. Akifa, mwili unapoa, na wanaondoka. Kwa hiyo panya aliyekufa peke yake ndani ya nyumba, bila mtego, bila sumu, bila paka, ni alama ya hatari. Wawili ao watatu katika siku chache ni hatari kubwa zaidi. Siku za kati ya panya hao na homa ya kwanza ndizo siku ambazo kijiji kingeweza kujiokoa.

Uvimbe, damu, mapafu

Tauni inajitokeza kwa namna tatu, na si vizuri kuzichanganya, kwa sababu haziambukizi sawa.

Ya kawaida zaidi ni tauni ya mitoki. Kati ya siku moja na saba baada ya kuumwa na kiroboto, mtu anashikwa na homa kali ya ghafla, baridi ya mwili, kichwa kuuma sana, na uchovu wa kuangusha. Kisha uvimbe unatokea kwenye kinena, kwapa ao shingo, kufuatana na mahali kiroboto aliumia. Wengi wanaumwa miguuni, kwa hiyo kinena ndicho kinavimba mara nyingi. Uvimbe huo, ambao kwa Kiswahili unaitwa mtoki, unauma kupita kiasi. Mgonjwa anatembea akiwa amekunja mguu, ao hataki mkono uguswe. Mtoto hataki kubebwa. Bila dawa, kati ya wagonjwa 100 wa namna hii, 30 hadi 60 wanakufa. Lakini mgonjwa wa mitoki hampi mwingine ugonjwa kwa kukaa naye tu ao kumsalimia. Hatari ya nyumba hiyo ni viroboto wanaobaki kwenye mkeka.

Namna ya pili ni ile ya damu. Bakteria zinaenea mwilini mwote, mara nyingine bila uvimbe wowote kuonekana. Mgonjwa anazidiwa haraka, anaweza kutoka damu chini ya ngozi, vidole vikageuka vyeusi. Hii ni ngumu kuitambua kwa macho.

Namna ya tatu ndiyo inayoogopwa hata na wanganga: tauni ya mapafu. Inaweza kuanza kwa mgonjwa wa mitoki ambaye hakutibiwa, bakteria zikafika kwenye mapafu. Hapo kiroboto hahitajiki tena. Mgonjwa anakohoa, anatema makohozi yenye damu, anapumua kwa shida, na matone ya kikohozi chake yanaingia kwa aliye karibu naye, hasa ndani ya mita mbili. Aliyeambukizwa hivyo anaweza kuanza kuumwa baada ya siku moja tu. Asipopata dawa, karibu hakuna anayepona. OMS inasema dawa ianze ndani ya saa 24 tangu dalili za kwanza. Kwa kijiji kilicho mbali na kituo, na njia ambayo motari hawapiti usiku kwa sababu ya usalama, saa 24 ni kidogo sana.

Usiku wa kwanza

Homa kwetu ina jina moja: malaria. Na mara nyingi ni kweli. Mzazi anayeona mtoto na homa anatafuta vidonge vya malaria kwenye kaduka ka dawa, anampa, anangoja kesho. Hakuna wa kumlaumu. Lakini vidonge vya malaria havifanyi chochote juu ya tauni, na siku hiyo moja ndiyo ilikuwa ya maana zaidi. Muuguzi naye anaweza kudanganyika: kipimo cha malaria kinaweza kuonyesha kwamba mtoto ana malaria kweli, kwa sababu mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili, na tauni ikapita bila kuulizwa.

Uvimbe ukitokea, njia nyingine inafunguka. Wako wanaouchanja kwa wembe na kupaka majani. Kuupasua mtoki nyumbani kunamuumiza mgonjwa, kunaleta vidonda, na kunamweka anayepasua karibu na damu na usaha vyenye bakteria. Tena hakutoi ugonjwa, kwa sababu wakati huo bakteria haziko tena kwenye uvimbe peke yake.

Kisha linakuja lile neno zito. Watu wawili ao watatu wa nyumba moja wakifa katika juma moja, watu wanaanza kusema kuna mkono wa mtu. Bibi mzee anatazamwa vibaya. Shemeji aliyegombana nao juu ya shamba anatajwa. Ukiuliza kwa utulivu, utakuta hao waliokufa walikuwa wanalala chumba kimoja, juu ya mkeka mmoja, ao mmoja alimhudumia mwingine akiwa anakohoa. Tauni inafuata nyumba kwa sababu viroboto na kikohozi vinafuata nyumba. Familia imefiwa na ugonjwa unaotibika, na mbaya zaidi inabaki na uadui ambao dawa haiwezi kuutibu.

Zobia, 2005

Mfano ambao haupaswi kusahauliwa haukutokea Ituri. Ulitokea Zobia, katika Bas-Uélé, mahali ambapo tauni haikuwa ya kawaida. Mgodi wa almasi ulifunguliwa tena mwezi wa 12 mwaka 2004, na maelfu ya wachimbaji wakakusanyika, wakilala wamebanana kwenye vibanda. Baada ya siku chache watu wakaanza kukohoa damu na kufa. Mwezi wa 2 mwaka 2005 habari zikafika mbali, na timu za afya zikaenda. Wachimbaji wengi walikuwa wamekwisha kukimbia.

Hesabu iliyotolewa na OMS mwezi wa 3 ilikuwa ya wagonjwa 130 wanaoshukiwa na vifo 57. Wengi wao walikuwa wa tauni ya mapafu. Jambo jingine lisilosemwa sana ni hili: wakati wa mlipuko wenyewe maabara haikuweza kuhakikisha ugonjwa. Ilihakikishwa baadaye tu, kwa kupima damu ya waliopona. Wauguzi walifanya kazi kwa kuangalia dalili na kuamini macho yao. Somo hilo lilisaidia mwaka uliofuata, wakati mlipuko mwingine ulitokea katika jimbo lile lile la Orientale la wakati huo, na mara hiyo bakteria ikapatikana.

Zobia inaonyesha kwamba tauni inasafiri na watu. Ituri na Uélé vimejaa migodi, na wachimbaji wanahama kufuatana na habari za dhahabu. Mtu anaweza kuumwa na kiroboto mlimani leo na kuanza homa akiwa mbali sana na nyumbani, kati ya wauguzi ambao hawajawahi kuona mtoki.

Rethy, 2020

Tarehe 11 mwezi wa 6 mwaka 2020, mlipuko mpya ulianza katika eneo la afya la Rethy. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa msichana mdogo aliyefika kwenye kituo akiwa na homa, kichwa kuuma, kikohozi na uvimbe. Alikufa siku hiyo hiyo. Hadi tarehe 15 mwezi wa 7, wagonjwa 45 walikuwa wamehesabiwa na tisa kati yao walikuwa wamekufa, katika maeneo madogo sita ya afya kati ya 22 ya Rethy.

Ni vizuri kukumbuka siku hizo zilikuwa za namna gani. Tarehe 25 ya mwezi huo huo wa 6, serikali ilitangaza mwisho wa Ebola iliyokuwa imeanza mwaka 2018 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri na kuua watu 2,287. Korona ilikuwa imeingia. Djugu ilikuwa inawaka moto tangu mwisho wa 2017, vijiji vimeunguzwa, maelfu ya familia ziko kambini ao kwa wenyeji. Magari ya Ebola yalikuwa yakipita kila siku. Ya tauni yalikuwa machache. Haishangazi: Ebola inatisha dunia nzima, na tauni ya milimani inawatisha wa milimani.

Kukimbia kunaongeza hatari kwa njia ambazo hazionekani haraka. Familia ikirudi katika nyumba iliyoachwa miezi mingi, inakuta panya ndio wenye nyumba. Shamba halikuvunwa, kwa hiyo panya walikula na kuzaana. Kambini watu wanalala chini, wamebanana, chakula cha msaada kiko pembeni ya kichwa. Na kama kituo cha afya kiliporwa, hata yule anayejua dalili hana pa kukimbilia.

Dawa ziko

Streptomisini ndiyo ya zamani. Ilianza kutumika kwa tauni mwishoni mwa miaka ya 1940 na ikabadilisha kila kitu. Leo wanganga wanatumia pia jentamisini, doksisiklini na siprofloksasini. Matibabu yanachukua siku kumi hivi ao zaidi, na mgonjwa anapaswa kumaliza dawa zote hata kama homa imeshuka siku ya tatu. Kipimo cha dawa kinategemea umri, uzito, mimba, figo. Hiyo ni kazi ya munganga, si ya jirani.

Penisilini na amoksisilini, zile zinazouzwa kila soko kama pipi, si za kutegemewa kwa tauni. Mtu anayemeza vidonge vinne vya amoksisilini na kusema amejitibu, amepoteza siku tu.

Kuna pia kipimo cha haraka, kilichotengenezwa na watafiti wa Madagaska na Ufaransa, kinachofanana na kile cha malaria. Wanachukua maji kidogo kwenye mtoki kwa sindano, ao makohozi, na jibu linatoka baada ya dakika 15 hivi. Kuhakikisha kabisa kunafanyika kwenye maabara, na sampuli zinatumwa hadi INRB Kinshasa. Lakini hakuna mgonjwa anayepaswa kungoja jibu la Kinshasa. Dawa inaanza siku hiyo, kwa kushuku tu.

Waliokaa karibu na mgonjwa wa mapafu wanapewa dawa ya kuzuia, kwa kawaida siku saba, na wanafuatwa kila siku kuona kama homa inatokea. Mgonjwa mwenyewe anatengwa, angalau hadi amalize saa 48 za dawa na hali yake iwe imeanza kuwa nzuri. Barakoa inavaliwa na anayemhudumia, na mgonjwa pia kama anaweza. Kuhusu chanjo: hakuna chanjo inayotolewa kwa raia kwa kawaida, kwa hiyo anayeuza chanjo ya tauni sokoni anadanganya.

Viroboto kwanza, panya baadaye

Hapa ndipo wengi wanakosea, tena kwa nia nzuri. Habari ya tauni ikifika, kijiji kinanunua sumu na kuanza kuua panya. Lakini panya mia wakifa kwa mara moja, viroboto wao wote wanatafuta damu nyingine, na ya karibu ni ya watu. Wakati ugonjwa umekwisha kuingia, kazi inaanza na viroboto: timu inapuliza ao kunyunyiza dawa ya wadudu ndani ya nyumba, kwenye mashimo ya panya, chini ya vitanda, kwenye mikeka. Baada ya hapo ndipo mitego na sumu vinafaa.

Panya aliyekutwa amekufa asiguswe kwa mkono, na zaidi sana na watoto, wanaopenda kumkamata kwa mkia na kukimbizana naye. Apuliziwe dawa ya wadudu kwanza, kisha aondolewe kwa jembe ao koleo na kuzikwa chini sana. Siku hiyo hiyo ma-relais wa kijiji ao muuguzi waambiwe. Simu moja inatosha.

Panya wa shamba ni mboga kwa watu wengi, na hakuna sababu ya kuwacheka. Nyama iliyoiva vizuri si tatizo. Hatari iko wakati wa kumkamata akiwa na viroboto wake, na wakati wa kumchuna kwa mkono wenye kidonda. Aliyekutwa amekufa ao anayetembea kama amelewa asiliwe kamwe.

Paka anasaidia, lakini naye anaweza kupata tauni kwa kula panya mgonjwa. Paka anayekohoa, mwenye uvimbe shingoni, asilale na watoto. Na kuhusu chakula, kila kinachokiinua kutoka chini na kukifunga vizuri kinasaidia: pipa lenye kifuniko, ghala ya miguu mirefu, hata kukitundika. Kitanda cha fito, cha kutengenezwa kwa mkono, kinamtoa mtoto kwenye njia ya kiroboto anayeruka chini. Pengine ndicho kinga ya bei ndogo kuliko zote, na radio ingekisema mara nyingi zaidi kuliko inavyofanya.

Ng'ambo ya mpaka

Milima haisimami kwenye mpaka. Upande wa Uganda, katika West Nile, tauni ni ile ile, na Waalur wako pande zote mbili, wanaozana, wanauziana, wanazikana. Kule Uganda watafiti na wakubwa wa afya walifanya jambo la kufikiriwa: waliwafundisha waganga wa kienyeji kutambua homa ya ghafla yenye uvimbe, na kumtuma mgonjwa hospitalini mara moja. Hawakuwatukana wala kuwafukuza. Walijua kwamba watu wengi wanapita kwa mganga kwanza, na wakaona ni bora mlango huo uwe njia ya kwenda hospitali.

Mazishi ni jambo jingine la pande zote mbili. Watu wanatoka mbali, wanalala kwenye nyumba ya marehemu, juu ya mikeka ile ile. Kama kifo kimeshukiwa kuwa cha tauni, nyumba ipulizwe dawa mbele ya wageni kulala humo, na mwili ushughulikiwe na watu waliofundishwa, wenye glavu na barakoa. Matanga yanaweza kufanyika nje, na waliokuja wajue kwamba homa ikiwashika ndani ya siku saba baada ya kurudi kwao, wamwambie muuguzi walikuwa kilio gani.

Mgonjwa akifikishwa kwenye kituo, kuna mambo machache ambayo familia inapaswa kuyasema hata kama haikuulizwa: homa ilianza siku gani na saa gani, kuko uvimbe wapi, anakohoa ao hapana, panya walikufa nyumbani ao kwa jirani, nani alilala naye chumba kimoja, alisafiri wapi juma lililopita, na dawa gani amekwisha kumeza, za duka na za majani pia. Muuguzi aliyesikia neno "panya" mapema anaacha kufikiria malaria peke yake.